Vijito vya Nyandarua na Njia ya Msituni

Maji ya Mto Tana tuyaonayo yakiingia baharini pale Kipini huanza safari yake mbali sana nasi. Sehemu yake hutoka katika msitu wa milima ya Nyandarua, juu ya mji wa Nyeri, ambako mito ya Chania na Gura hushuka kwa kasi hadi kuingia Sagana, nao Sagana huilisha Tana.

Tulizuru huko wakati wa mvua za masika, tukapanda kwa njia ya udongo kupita Ihithe, kijiji alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Baridi yake hatuielezi! Tulichojifunza ni kwamba njia ya msituni huharibika kwanza pale inapokutana na kijito.

Kwenye kijito kimoja palilazwa kalvati jembamba, mdomo wake wa chini ukining'inia kiasi cha dhiraa moja juu ya maji. Maji yakibanwa hutoka kwa nguvu na kuchimba shimo. Samaki hawezi kupanda tena. Na siku mvua inaposhusha magogo, bomba huziba, maji yakapita juu na kuibeba njia yenyewe. Mama mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe alituambia, "Mzee, kila mvua tunarudishia mawe."

Fundi mwenye busara hukipima kijito kwa mafuriko yake, wala si kwa kiangazi. Huchagua mahali kiliponyooka, akakivuka kwa kukikata mraba, na bomba pana hulizamisha kidogo chini ya sakafu ya kijito ili changarawe itulie ndani. Mitaro ya njia huielekeza majanini kabla haijafika majini. Hili la mwisho ndilo jepesi kuliko yote, nalo ndilo husahauliwa.

Udongo uliobebwa hushuka na Sagana, na mwingi hutua katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Tana. Kila pishi ya tope humo huchukua nafasi ya pishi ya maji.

Siku hizi pana mzozo juu ya kujenga barabara ya lami kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru, kupitia hifadhi ya Aberdare. Wakulima wanataka njia fupi, na haki yao hatuikanushi. Watetezi wa msitu wanawahofia tembo na miti, nao wana hoja. Sisi wa mwambao tunauliza: vijito vilivyo katikati vitavukwa vipi, na nani atakayezibua makalvati wakandarasi wakishaondoka?