NIPE MJI: Mchezo Unaoanzia Mlangoni Kwako

"Kitendawili!" "Tega!" Ni wachache miongoni mwetu waliokua bila kuyasikia maneno hayo jioni, baada ya chakula. Tunajua pia yanayofuata kitendawili kinapomshinda anayetegewa. Mtegaji humwambia, "Nipe mji," naye hana budi kuutoa: Tanga, Ujiji, Mombasa, mji wowote aupendao, ndipo apewe jibu. Wazee wetu waliona kuwa asiyejua hulipa, na malipo makubwa kuliko yote ni mji.

Ndugu msomaji, leo nataka kukueleza juu ya mchezo unaofanana sana na huo, ila hapa mji wenyewe ndio kitendawili, na anayefumbua ndiye anayepewa mji. Wataalamu huuita mchezo wa uhalisia mbadala. Ni hadithi isiyosomwa kitabuni wala kutazamwa katika sinema, bali inayopitishwa katikati ya maisha ya kila siku. Barua inafika, simu inalia, tangazo limebandikwa ukutani likiwa na neno lisilo mahali pake. Yule anayeamua kulifuata neno hilo tayari amekuwa mchezaji.

Mwaka 2001, nchini Marekani, watu waliotazama kwa makini matangazo ya filamu ya A.I. ya Steven Spielberg waliona, kati ya majina ya watengenezaji wake, mwanamke aliyetajwa kuwa mtabibu wa mashine zenye hisia. Kazi ya namna hiyo haikuwapo duniani. Waliolitafuta jina lake katika intaneti walijikuta ndani ya hadithi ndefu ya mauaji, na maelfu yao wakaungana ili kuifumbua. Mwaka 2004 mchezo mwingine, I Love Bees, uliwapeleka wachezaji kwenye simu za barabarani katika miji mbalimbali ya nchi hiyo, wakasimama hapo saa iliyotajwa wakingoja simu ilie. Nasi Waafrika hatukusahauliwa kabisa, kwani mwaka 2010 taasisi ya Benki ya Dunia ilianzisha mchezo ulioitwa EVOKE, uliowalenga hasa vijana wa bara letu, na wachezaji zaidi ya 19,000 wakajiandikisha.

Lakini mtu asidhani kuwa mchezo huu unahitaji mitambo na fedha nyingi. Huko Dartmoor, nyika yenye mawe na matope kusini-magharibi mwa Uingereza, mwongoza wageni aitwaye James Perrott aliacha chupa mahali pa mbali panapoitwa Cranmere Pool mwaka 1854. Aliyefika huko kwa miguu aliacha kadi yake ndani ya chupa kuwa ushahidi. Hakukuwa na zawadi ila ile fahari ya kufika, na hata hivyo watu walifika, na desturi hiyo ya kuficha na kutafuta visanduku ingali hai katika nyika ile. Basi vitu vinavyohitajika ni vitatu tu: mahali, hadithi na mtu wa kuifuata.

Hayo niliyaamini kwa kusoma. Jumapili moja nikaamua kuyajaribu kwa wanangu wawili, ambao wamezaliwa Dar es Salaam na hata hivyo, nilipowapima, hawakuweza kunitajia sababu ya jina la mtaa hata mmoja wa katikati ya jiji. Wanaupita mji kwa daladala kama mtu apitaye usingizini.

Niliandika barua kwa mkono, nikaipaka chai ili ionekane kuukuu, nikampa mwenye duka jirani ili awape watoto watakapokwenda kununua mkate. Barua ilitoka kwa tarishi wa zamani. Alisema amepewa kifurushi akipeleke Acacia Avenue, lakini kila anayemwuliza anamwambia hakuna mtaa kama huo. "Nisaidieni," iliandikwa. "Mwulizeni kwanza askari ambaye hajaketi tangu mwaka 1927."

Yule mdogo alidhani ni mlinzi wa benki. Yule mkubwa akafikiri kidogo, kisha akapiga kelele, "Posta! Sanamu ya Askari!" Nusu saa baadaye tulikuwa njiani.

Sanamu ile, ndugu msomaji, umeipita mara ngapi? Imesimama pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, na ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha hapo gavana wao, Hermann von Wissmann. Wanangu waliizunguka, wakasoma maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza, wakayagusa kwa macho yale ya herufi za Kiarabu. Kisha wakagundua kuwa bunduki yenye singe imeelekezwa upande wa bandari. Barua ilikuwa imesema: "Fuateni anakoelekeza, lakini si kabla ya kujua mmesimama mtaa gani."

Hapo ndipo walipokwama. Kibao kilisema Samora. Tarishi alisema Acacia. Mimi nilinyamaza, maana sheria ya mchezo ni kuwa mtegaji hatoi jibu bila kupewa mji. Binti yangu akaomba simu, akampigia babu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuna nini, mbona asubuhi?"

Akaulizwa. Mzee akacheka, akasema kuwa mtaa huo kabla ya kuitwa Samora uliitwa Independence Avenue, na kabla ya hapo, enzi ya Waingereza, uliitwa Acacia Avenue. Jibu lilikuwa limepatikana. Nilitegemea simu ikatwe hapo. Lakini mzee aliuliza, "Nyie mko wapi hasa?" Alipoambiwa wako chini ya sanamu, alikaa kimya, halafu akasema, "Basi mko kwa babu yangu."

Hapo, mtoto akiwa ameishika simu kwa mikono miwili, tulisikia habari ambayo mimi mwenyewe, mtoto wa mzee huyo, sikuwahi kuambiwa. Babu yake baba yangu alichukuliwa wakati wa vita ile akiwa bado kijana, mwenye mke na mtoto mchanga, akabebeshwa mizigo ya jeshi, akaondoka na wenzake, hakurudi. Hakuna aliyejua alianguka wapi. Hana kaburi. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa namna hiyo, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na jina la Kariakoo, ambako tunanunua nyanya na viatu, limetokana na kikosi chao, Carrier Corps.

"Mbona hukutuambia, babu?" binti yangu aliuliza.

"Hamkuuliza," mzee akajibu.

Tuliendelea na safari, ingawa kwa mwendo mwingine. Tulifuata Barabara ya Samora, tukakata kushoto kwa Barabara ya Morogoro hadi kwenye Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe ambalo Sultani Majid wa Unguja alilijenga katika miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wake. Tukapita Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, yote mawili ya zama za Wajerumani, tukiyatazama kutoka barabarani maana ibada ilikuwa inaendelea. Fumbo la mwisho lilitaja mtaa wa mtu aliyejenga kwa maneno. Walipofika Mtaa wa Shaaban Robert, ilipo Nyumba ya Makumbusho, walimkuta shangazi yao akiwasubiri kivulini na kifurushi cha tarishi: maandazi, chungwa kwa kila mmoja, na daftari tupu la kuandikia majina ya mitaa.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo haukuandikwa jina la mtaa. Uliandikwa jina la mpagazi. Jumapili iliyofuata baba yangu alikuja mjini, akasimama mbele ya sanamu akiwa amevua kofia, wajukuu wakiwa kulia na kushoto kwake. Hakusema neno. Hilo halikuwamo katika mchezo wangu.

Sasa, ndugu msomaji, wewe unaishi Mwanza, Moshi, Mtwara au Temeke, na unauliza utaanzaje. Anza kwa kutembea peke yako katika mtaa wako kama mgeni. Tafuta mahali patatu au panne, pasizidi hapo, panapofikika kwa miguu na ambapo kila mtu anaruhusiwa kwenda: mti mkubwa, kisima cha zamani, stesheni, tarehe iliyochongwa juu ya mlango. Kisha buni mtu mmoja mwenye shida moja. Watoto hawafuati somo, lakini watamfuata mtu aliyepotea. Mafumbo yako yadai macho na miguu, wala yasidai fedha. Na katika kila mchezo weka fumbo moja ambalo halijibiki kwa kitabu wala kwa intaneti, bali kwa kumwuliza mzee. Usiliache hilo kwa sababu yoyote.

Kuna na tahadhari, nazo nimejifunza moja kwa kosa langu. Mara ya pili nilificha kopo la bati kwenye maua nje ya ofisi fulani. Mlinzi aliniona nikiinama, akaniita, na ilinichukua muda mrefu kumweleza kuwa ndani mna barua ya tarishi asiyekuwapo. Alikuwa na haki. Tarehe 31 Januari 2007, huko Boston, Marekani, polisi walifunga barabara na madaraja kwa sababu ya vibao vidogo vya taa vilivyodhaniwa kuwa mabomu, kumbe vilikuwa tangazo la katuni ya televisheni. Basi usifiche kitu karibu na ofisi, kituo cha polisi, shule au nyumba ya ibada. Mpe mtu barua aikabidhi mkononi. Mwarifu mwenyekiti wa mtaa. Mtu mzima asikose kufuatana na watoto, na watoto wasifundishwe kumfuata mtu wasiyemjua kwa kuwa tu ametamka neno la siri.

Tahadhari ya mwisho ni kubwa kuliko zote. Mchezo huu hujifanya kweli, kwa hiyo lazima uwe na mwisho unaojulikana. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, baadhi ya waliofumbua ule mchezo wa filamu ya A.I. walidhani wangeweza kulifumbua na janga hilo kwa njia ile ile, ikabidi wakumbushwe na wenzao kuwa hiyo si hadithi. Mtu aliyezoea kuona fumbo kila mahali huweza kuamini uongo wowote uliopangwa vizuri. Kwa hiyo mkimaliza, keti na wanao, uwaoneshe lipi ulilibuni na lipi ni la kweli. Tarishi ni wa kubuni. Acacia Avenue ni ya kweli. Mpagazi ni wa kweli.

Wengi wetu tulikuja mjini kutafuta kazi, tukaupata mshahara na tusiupate mji. Tunalala humo, tunapanda mabasi humo, tunazika humo, lakini ukitegwa kitendawili cha mtaa wako huna jibu, na wazee wanaolijua hawatakaa nasi milele. Jumapili ijayo, kabla jua halijawa kali, chukua karatasi na kalamu, uandike barua ya mtu aliyepotea. Kisha waite wanao.

Kitendawili!