Kupanda Kilima cha Kiang'ombe

Msafiri atokaye mjini Embu kwenda Siakago huiacha mibuni nyuma yake, akaingia nchi kavu ya Wambeere, nchi ya mtama, kunde na migunga. Huko ataona kilima kirefu kimesimama peke yake, mfano wa kisiwa kisicho na bahari. Hicho ndicho Kiang'ombe, ambacho kilele chake hupata kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Tuliondoka alfajiri mwezi wa Oktoba, vuli haijaanza, mimi na mwenzangu wa kazini, tukiongozwa na mzee mmoja mwenyeji. Mbingu zilikuwa safi, basi tukayaacha makoti yetu nyumbani kwake. Mzee alijitwika blanketi lake, nasi tukacheka kimoyomoyo.

Tulipoingia msituni karibu na kilele, baridi ikatupata. Majani yalidondosha maji, na mara ukungu ukatufunika, hata sikuweza kuona hatua tano mbele yangu. Mwenzangu alitaka kuendelea, akisema, "Mzee, tumekwisha fika!" Mzee akamshika mkono, akajibu, "Kaeni, wanangu. Kilima hakikimbii."

Tukaketi watu watatu chini ya blanketi moja, tukitetemeka. Baada ya muda upepo ukaupasua ukungu, tukaona kuwa pale alipokuwa akielekea mwenzangu palikuwa na genge la mwamba. Hakuna aliyesema neno.

Kileleni tuliuona Mlima Kenya upande wa kaskazini-magharibi, na kusini bonde la Mto Tana, ambao maji yake yameleta umeme tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka wa 1968. Hatukukaa sana, mvua ilitukuta tukishuka, tukalowa chepechepe.

Ajabu ni kwamba chini vumbi lilikuwa vilevile. Mke wa mzee akatuuliza tumevuka mto gani. Mzee akasema, "Miti ile ndiyo inayoyashika mawingu. Ikikatwa, yatapita bure, na vijito vyetu vitakauka."

Katika kurudi tulipita magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya barabara yakingoja wanunuzi wa mjini. Sijui yalitoka mti gani. Lakini mimi nami ni mnunuzi, na siku hiyo sikuthubutu kuuliza bei.