Uzito wa Karatasi na Uzito wa Mizani

Tarehe 23 Machi 2005, ndege ya mizigo aina ya Ilyushin Il-76, iliyobeba takriban tani 50 za minofu ya sangara kwenda Osijek, Kroatia, ilitumbukia katika Ziwa Victoria muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mwanza, na watu wote 8 waliokuwamo wakafa. Msiba huo ndio unaoigawa kazi ya mwandishi wa tawasifu hii katika vipindi viwili.

Mwandishi ni mzaliwa wa Ukerewe, aliyevuka ziwa kufuata shule, akabeba samaki mwaloni Kirumba, kisha akaingia uwanja wa ndege akiwa kuli na baadaye karani wa mizigo. Fundi wake, mzee aliyejifunza kazi kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, alimfundisha kutofautisha uzito halisi, yaani wa nyama peke yake, ambao mnunuzi huulipia, na uzito jumla, yaani nyama pamoja na boksi, barafu, paleti na nyavu za kufungia, ambao ndio ndege huubeba.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi usiokwisha. Meneja mmoja wa upakiaji, ambaye hana haja ya kutajwa, alitaka fomu zijazwe uzito halisi kwa kuwa ndio uliokuwa katika ankara, akidai kwamba rubani hujiwekea akiba. Akiba ipi? Uwanja wa Mwanza uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na joto huifanya nyepesi zaidi, hivyo injini hupungukiwa nguvu na ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili ipae. Tena mzigo uliozidi upande wa mkiani hukisogeza nyuma kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo ndege husawazikia, na pua ikainuka kupita kiasi.

Haidaiwi hapa kwamba ndege ya 2005 ilizidishiwa mzigo. Il-76 nyingine ilipoanguka ziwani baada ya kuruka kutoka Entebbe tarehe 9 Machi 2009, ikiua watu 11, uchunguzi ulionyesha kwamba injini zake zote 4 zilikuwa zimepitisha muda wa matumizi. Meneja aliushangilia mfano huo, akisema kwamba kinachoua ni injini, si mizani. Vijana wanaojaza fomu kwa kompyuta, na kuiamini namba kwa sababu tu imechapwa vizuri, wanapaswa kulitafakari jibu alilopewa: injini moja ikifa wakati wa kupaa, zilizobaki hulazimika kuinua kila kilo iliyomo, pamoja na barafu ambayo haikuandikwa. Hesabu hiyo aliletewa ofisini kwa maandishi, naye hakuijibu hadi alipostaafu.