Mwambie Kwamba Mama Yule Alipona

Mwanangu mpenzi,

 

Juzi ulinilalamikia kwamba yule mkunga mwenzako wa Dar es Salaam aliyekubali kukulea kikazi amepoa, hajibu kama mwanzo. Nikakuuliza yule mama aliyevuja damu, uliyemwomba ushauri juu yake, aliishia wapi. Ukasema alipona, akarudi kwao na mtoto wake. Nikauliza, mlezi wako ulimwambia? Ukanyamaza.

Mwaka 1979 nilipangiwa zahanati ya kijijini, mwalimu wangu akabaki mjini. Barua ilichukua wiki mbili, masika hata mwezi. Nilimwandikia mara tatu, kila mara nimekwama, naye akanijibu kurasa nzimanzima. Ya nne hakujibu. Nilimnunia mwaka mzima. Tulipokutana akaniambia: "Umeniletea wazazi watatu, na hata mmoja sijui kama alinyanyuka kitandani." Kumbe alikuwa akilala nao kichwani, mwanangu, na mimi nilikwisha kuwasahau.

Basi mrudishie habari, hasa pale ushauri wake uliposhindikana. Yeye amezoea wodi yenye daktari na benki ya damu. Huko Mpanda unakofanyia kazi kulivyo, hawezi kujua usipomweleza. Ukiuliza, anza na ulichokiona na ulichokwisha kukifanya. Ukimtumia picha ya patografu, ile chati ya uchungu, funika jina la mzazi. Na damu ikitoka usikae kungoja jibu la Dar es Salaam: anza huduma, ita gari la wagonjwa. Yeye ni wa kukufunza, hawezi kukushikia zamu.

Chagueni siku yenu, hata Jumapili moja kwa mwezi, saa mbili usiku. Asipopokea, huenda yuko kazini. Mambo ya uhamisho na mikopo usimpelekee kabisa.

Majibu yake yanakili daftarini, maana simu hupotea. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu 1931 hadi 1958, na leo tunazisoma barua zile kitabuni kwa kuwa mdogo mtu alizitunza.

Leo, kabla hujaingia zamu, mwandikie mlezi wako. Usimuulize lolote. Mwambie tu kwamba mama yule alipona, na mtoto ananyonya.

Ni mimi shangazi yako,
Tanga