Waridi la Kikonyo Kifupi

Mpwa wangu amefungua mkahawa mjini Nakuru. Dirisha lake la mbele ni pana na linatazama barabara, na kwa majuma mawili lilikuwa tupu. Akanipigia simu akiniomba nimlete dada yangu, yaani mamake, aje alipambe. "Nataka kitu cha kisasa, Mjomba," alisema, "si maua ya plastiki yaliyojaa kila mahali."

Kila muhula huwaambia wanafunzi wangu kwamba maua, pamoja na chai, ni miongoni mwa bidhaa zinazoiletea Kenya fedha nyingi za kigeni. Siku zote nimelisema jambo hilo kwa fahari. Jumamosi ile nililitazama kutoka upande wa pili.

Dada yangu alifanya kazi miaka 11 katika shamba moja la maua huko Naivasha. Alikata mawaridi tangu alfajiri, kisha yakapangwa kwa urefu wa vikonyo: sentimita 40, 50, 60, 70. Yaliyonyooka yalipelekwa kwenye chumba cha baridi, kisha uwanja wa ndege wa Nairobi, kisha Uholanzi. Yaliyopinda au kupungua urefu yalitengwa. Mkataba wake ulikuwa wa miezi michache, ukirudiwa na kurudiwa. Mgongo ulipoanza kumsumbua, haukurudiwa tena. Hakupewa hata barua.

Sokoni tulinunua mawaridi ya aina ile iliyotengwa. Mpwa wangu alinung'unika. "Mama, haya ni mafupi."

"Ufupi huo ni wa mnunuzi, mwanangu. Ua halina kasoro."

Akaanza kazi. Sifongo ya kijani ya kuchomekea maua aliikataa, kwa kuwa ni aina ya plastiki ambayo huvunjika ikawa unga na haiozi. Badala yake alikunja waya wa kuku, akautia katika mabakuli ya udongo, akajaza maji. Aliondoa majani yote ambayo yangezama, maana huoza na kuchafua maji. Kila kikonyo alikikata upya kwa mshazari. Kikapu cha ndizi mbivu kilichokuwa karibu alikihamisha, akaeleza kwamba hewa itokayo kwenye tunda linaloiva hulinyausha ua mapema.

Mpwa wangu alitaka dirisha lijae maua hadi juu, jiko lisionekane. Dada akakataa tena. Alipanga mabakuli matano tu, manne yakiwa yamekaribiana na moja likiwa peke yake mwishoni, na sehemu yote ya juu akaiacha wazi. Mpita njia angeyaona maua, kisha walaji, na nyuma yao wapishi na msichana aoshaye vyombo. "Wao pia ni wa mkahawa huu," alisema. "Unawaficha kwa nini?"

Nilikumbuka barabara zetu zinavyopandwa maua mgeni mheshimiwa anapotarajiwa, na wachuuzi wanavyofurushwa ili wasiharibu mandhari. Nilikumbuka pia ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010, inayompa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira yanayofaa ya kazi. Ibara hiyo tunaijua kwa moyo. Tunaisoma katika warsha zenye meza zilizopambwa kwa mawaridi, na sijawahi kumsikia yeyote, nikiwemo mimi, akiuliza aliyeyakata alilipwa kiasi gani.

Kazi ilipokwisha, dada alitoka nje akasimama kwenye kijia cha watembea kwa miguu, akalitazama dirisha kwa muda mrefu. Nilimuuliza kama kuna kitu anachotaka kubadilisha.

"Hapana. Nitarudi keshokutwa kuyaona." Nilipomuuliza kwa nini, alinieleza kwamba mawaridi ya kusafirishwa hukatwa yakiwa bado machipukizi yaliyofumba, ili yachanue nyumbani kwa mnunuzi. "Miaka 11, ndugu yangu, nimekata maua nisiyajue yalivyo yakifunguka."

Siku ya tatu alirudi, akaagiza chai, akaketi kando ya dirisha. Yalikuwa yamechanua, na vile vikonyo vifupi hakuna aliyeviona.

Ndugu msomaji, ukitaja tena takwimu za mauzo yetu ya nje, katika mhadhara au katika ripoti ya wizara, wakumbuke pia waliotengwa pamoja na mawaridi mafupi. Nani aliamua kipimo chao, na sisi tulikubali lini?