Bendera, Mwisho wa Upare

Mtu atokaye Tanga kwenda Moshi huiacha milima ya Upare mkono wa kuume, naye huona upande mmoja tu, tena ule mkavu: Hedaru, Makanya, hata Same, nchi ya miiba na mkonge. Lakini akishuka Mkomazi na kuzunguka nyuma ya milima, hukuta Upare mwingine. Hapo kwanza ni Bendera, kisha Kihurio, Ndungu, Maore na Kisiwani.

Pepo za bahari huleta mawingu, nayo huangusha mvua yake juu, katika misitu ya Shengena, kilele kipitacho meta 2,400. Tambarare hupata kidogo. Kwa hiyo mkulima wa mahindi na mpunga huku chini haitazami mbingu iliyo juu ya kichwa chake; huutazama mlima.

Wazee wa Upare walijua kuyatunza maji. Huko juu walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe. Usiku maji hukusanyika, na asubuhi hufunguliwa yaende kwa mfereji hata shamba la mwenye zamu. Kwangu mimi zamu hiyo ni serikali kamili, maana ina wakubwa wake na sheria zake. Ndungu kuna mifereji ya kisasa, iliyokamilika 1990 kwa msaada wa Japani, inayotumia maji ya mto Yongoma. Huko nako hakuna shamba bila zamu. Na maji yakipungua, mtu wa mwisho wa mfereji ndiye ajuaye kwanza.

Bendera ni mwisho wa wilaya pia. Boma liko Same, akaapo mkuu wa wilaya, ateuliwaye na Rais. Kata ina diwani wake, na kijiji kina mwenyekiti. Hao huchaguliwa na watu. Lakini njia ya nyuma ya milima, kutoka Same mpaka Mkomazi, hukaribia kilometa mia. Waweza kupita Mkomazi ukaishike barabara kuu, ila Mkomazi ni mkoa wa Tanga: basi mtu hutoka mkoani kwake ili afike bomani kwake!

Umbali huo haukuwazuia Wapare zamani. Mwaka 1945, walipochoshwa na kodi iliyoitwa mbiru, iliyompima kila mtu mali yake, maelfu walikwenda Same kwa miguu, wakakaa huko miezi mingi. Wanawake nao waliingia katika shauri hilo. Mwishowe kodi ikaondolewa.

Siku niliyoondoka Bendera nilimkuta mzee ameketi ukingoni mwa mfereji, jembe mapajani. Nikamwamkia, “Shikamoo, baba.” Akaitika marahaba. Nikamwuliza amngoja nani. Akasema angoja maji. Zamu yake ilikuwa saa nne, na jua lilikuwa limekwisha kupinda.