Waliobaki Kamukunji

Siku ya Mwaka Mpya wa 1990, wiki moja tu baada ya Nicolae Ceaușescu kupigwa risasi huko Romania, kasisi Timothy Njoya alisimama mimbarini jijini Nairobi akauliza kama tawala za chama kimoja Afrika nazo hazingefuata njia ya zile za Ulaya Mashariki. Wakubwa walighadhabika. KANU, chama tawala cha Kenya, haikuwa ya kikomunisti hata kidogo. Ilikuwa mwandani wa Marekani. Ila mtu wa Soweto West, Kibera, aliyepanga foleni katika kura ya mlolongo, isiyo ya siri, mwaka 1988 hakuhitaji kumsoma Marx ili aelewe kasisi anasema nini.

Leipzig, tarehe 9 Oktoba 1989, waliandamana watu wapatao 70,000 na askari hawakufyatua risasi. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990, hatukupata bahati hiyo. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano huo wa Saba Saba kudai vyama vingi, walitiwa kizuizini siku tatu kabla. Watu wakaenda bila wao. Walikutana na rungu, gesi na risasi, na ghasia zikasambaa hadi Nakuru na Nyeri. Waliouawa hawakupungua 20.

Wapo wanaosema Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU chama pekee halali, kilifutwa Desemba 1991 kwa sababu wafadhili walifunga mfuko mwezi uliotangulia. Ni kweli, mfuko ulifungwa. Lakini wafadhili hao hao walikuwa wamemlisha Rais Moi miaka yote. Kilichowatia haya ni damu ya Julai.

Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini, na hakurudi kuwa mzima hadi alipofariki mwaka 2018. Tunamkumbuka, na ni haki yake. Waliouawa siku ile je? Nitajie hata mmoja.

Mtaani kwetu mtu akifa, turubai hufungwa, mchango hupitishwa mlango kwa mlango, basi hukodishwa kumpeleka ushago. Tunajua kuomboleza. Kifo cha maandamano ndicho kinachotushinda: jamaa wanaogopa kuulizwa kijana wao alifuata nini barabarani, kwa hiyo wanazika upesi na kunyamaza, na marehemu anabaki nambari katika ripoti. Ilikuwa hivyo katika ghasia za uchaguzi, Kibera mwaka 2008, Kibera na Kawangware mwaka 2017. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni. Kesho yake mswada huo ukaondolewa, na mama fulani alikuwa mochari akitafuta mwanawe.

Moi alifariki Februari 2020 akazikwa kwa heshima zote za kitaifa. Kwa miaka mingi 10 Oktoba ilikuwa sikukuu yake. Tarehe 7 Julai haijawahi kuwa sikukuu ya taifa.

Wazee wa Soweto West na Kawangware, nyinyi mliokuwa vijana mwaka 1990: andikeni majina mnayoyakumbuka, hata kwenye daftari la mjukuu, kabla hamjaondoka nayo.